Mshenga wa Ndani ya Kompyuta

Haijafa. Ni nzima kabisa hiyo kompyuta, ukiiwasha inawaka, inaimba kale kawimbo kake, inatoa na ile picha ya maua. Tumeifunika kanga kwa sababu nyingine. Na msije mkaifunua mkidhani mnatusaidia kufuta vumbi. Kila anayeingia humu ndani jicho lake la kwanza linakwenda pale kwenye meza ndogo, anataka kuuliza, halafu anaona haya. Basi mie nimejibu kabla. Kaeni.

Anayeandika ni binti yangu. Mie kalamu sikuijua. Nilichosoma ni chuo cha Kurani tu, tena kwa masikio, mwalimu akisema nami nafuata, mpaka kikohozi chake nikikikohoa palepale alipokikohoa yeye. Nikachapwa kwa ajili ya kile kikohozi. Sasa binti yangu ni mwalimu wa sekondari, anapenda kuninyoosha maneno, na nimemwambia leo asininyooshe. Nikisema "mie" aandike "mie". Na asilie juu ya karatasi, wino utatawanyika, halafu mtasema bibi huyu hajui kusimulia.

Nilikuwa na mdogo wangu wa kike, tumbo moja, ziwa moja. Tulizaliwa Ushongo, kule kwetu, wakati pwani yote ilikuwa minazi na kaa tu, hawa wageni wa kulala kwenye vibanda vya makuti kwa hela nyingi hawajaja. Mie mkubwa, katikati kaka yetu, yeye wa mwisho. Alikuwa na kicheko kibaya, Mungu amrehemu. Kicheko cha kuku anayefukuzwa. Akianza hanyamazi, anashika tumbo, anakaa chini popote alipo, hata kwenye tope.

Na aliyemchekesha ni mie. Alikuwa akiniambia, "Dada, nifanyie mwalimu." Namfanyia mwalimu, na kikohozi chake. "Nifanyie mama akimwita kuku." Namfanyia. "Nifanyie yule bwana anayeuza pweza na pua imeziba." Hapo ndipo alipokuwa akijikojolea, mama anatoka na mwiko, anatupiga sote wawili, na mie huku nalia namfanyia mama anavyopiga. Basi mdogo wangu anacheka tena, tunapigwa tena.

Akaolewa, mumewe akamchukua Uarabuni. Mie nikaolewa hapa mjini, Nguvumali, nikabaki humu mpaka leo. Alikuja mara chache, watoto wakiwa wadogo, halafu mambo ya safari yakawa mazito, akawa haji. Ikabaki simu.

Mie simu sikuwa napiga kama mie. Akipokea tu, namwambia kwa sauti ya puani, "Hapa ni bandarini. Bibi, mzigo wako umefika. Kuna mbuzi sita, na mbuzi mmoja anadai yeye ni mumeo." Mara nasikia yule kuku anafukuzwa kule mbali. "Dada we! Dada utaniua!" Siku nyingine mie ni shekhe. Siku nyingine mie ni mke wa kaka yetu akilalamikia bei ya mchele. Kila simu lazima nije na mtu. Nisipokuja na mtu anasema, "Leo umeniletea nani?" Nikimwambia sina mtu leo, anasema, "Basi kata, upige tena ukiwa naye."

Akaumwa koo. Alianza kwa kukwaruza, tukasema mafua ya viyoyozi, maana kule ndani ya nyumba ni baridi kama ndani ya friji. Hayakuwa mafua. Wakamtoboa hapa shingoni, apumulie, na sauti ikaondoka palepale. Aliyenieleza ni mwanawe mkubwa, kijana mzuri, anafanya kazi ya mambo ya kompyuta. Amezaliwa kule, Kiswahili chake kinachechemea kidogo, anaongea hivi: "Mama mkubwa, isikie, isikie. Mama sauti hana. Yaani hana, khalas. Lakini masikio anayo. Wewe sema, mimi naweka simu sikioni."

Nikasema. Nilimletea yule wa pweza, na pua yake. Nikamaliza, nikasubiri. Nikasikia pumzi tu. Hhh. Hhh. Pumzi inatoka kwenye tundu.

Mie ninaiga watu tangu sijaota meno ya pili. Sauti yoyote nikiisikia najua mwenyewe amenuna, ana njaa au anadanganya. Ile pumzi sikuijua. Sikujua anacheka au analia. Nikamwuliza mwanawe, "Anafanyaje?" Akasema, "Anatoa machozi, Mama mkubwa." Na mdogo wangu hata akicheka alikuwa akitoa machozi. Basi nikabaki vilevile na simu yangu mkononi.

Halafu kulikuwa na jambo la radhi. Msidhani tuligombana. Watu wakisikia radhi wanafikiri kuna ugomvi wa shamba. Hapana. Watu waliotoka tumbo moja wana mengi, mengine hawayajui wenyewe. Mmoja akielekea safari ile, mnatakana radhi, nawe useme "Nimekusamehe duniani na akhera," naye akujibu. Lazima ajibu. Asipokuwa na sauti atainua kidole, atafumba macho, lakini uone. Radhi ya kwenda bila kurudi mie inaniwasha. Nilishamwambia yangu kwenye simu zaidi ya mara moja, na kila mara, hhh. Sasa hiyo ni ndiyo? Au ni usingizi?

Nikamwambia mwanawe, "Mie nataka nimwone. Kwenye picha. Kama watu wanavyoonana."

Akasema, "Mama mkubwa, isikie. Huku simu za picha za bure wamezifunga. Lakini mimi nitafanya njia. Nitaweka proksi."

Binti yangu alikuwa amekaa hapo anasahihisha madaftari. Nikamwambia, "Hebu nieleze mwanangu, proksi ni mdudu gani?"

Akaweka kalamu chini, akanifanyia ile sauti yake ya darasani, ya kuwaelezea walio nyuma: "Mama. Ukitaka kuposa, unakwenda mwenyewe?"

"Mie tena? Nishapita umri."

"Mama! Mtu akitaka kuposa, anakwenda mwenyewe?"

"Anamtuma mshenga."

"Ehee. Sasa proksi ni mshenga. Sisi hatuwezi kwenda kwa mama mdogo moja kwa moja, mlango umefungwa. Kuna mashine ya kaka, mwana wa mama mdogo, imekaa nchi nyingine kabisa. Sisi tunaiambia hiyo mashine, hiyo mashine inakwenda kwa mama mdogo, inachukua picha, inatuletea. Sisi na yeye hatugusani. Anayezunguka ni mshenga."

Hapo nikaelewa vizuri kuliko wanafunzi wake. Nikamwuliza tu kama mshenga mwenyewe anajulikana kwao, akasema anajulikana.

Kompyuta ilikuwa ya kwake, ya kutungia mitihani. Mtoto wa mdogo wangu akamwelekeza kwenye simu, bonyeza hapa, andika hiki, nukta, nambari, nukta. Binti yangu anaandika, mie namshikia taa ya simu maana umeme ulikuwa unacheza. Yule kule akasema njia hii ameitengeneza ya kompyuta peke yake, simu zetu hizi haitaziingiza. Sawa. Akamaliza, akasema, "Sasa piga."

Nilikuwa nimevaa. Nimejifunga ile kanga yangu mpya, nimepaka wanja, mie mzee mzima, nikakaa mbele ya kioo kile kama bibi harusi siku ya kutolewa nje. Binti yangu akabonyeza. Kikatokea kiduara, kinazunguka. Kinazunguka. Halafu kiduara kikaondoka, yakaja maandishi.

"Inasemaje?"

"Inasema seva ya proksi inakataa muunganisho."

"Kwa nini inakataa?"

"Haisemi, mama. Inakataa tu."

Mie nikaijua sauti yake palepale ingawa yenyewe haina sauti. Ni yule karani wa dirishani, yule dada anayekula karanga, hakutazami usoni. "Hapanaaa. Rudi kesho." Nikamfanyia binti yangu hivyo, akacheka kidogo, halafu akaanza upya, bonyeza, andika, nukta, nambari, nukta. Kiduara. "Hapanaaa. Rudi kesho."

Tukarudi kesho. Tukarudi na kesho yake. Kila jioni binti yangu akitoka shuleni, hata hajavua viatu, anaifungua. Mambo mengine yote yanafunguka! Mawaidha yanafunguka, mapishi yanafunguka, harusi za watu wa Zanzibar tusiowajua zinafunguka. Mdogo wangu tu hafunguki. Na mie kila jioni napiga ile simu ya kawaida, mwanawe anamwekea sikioni, naleta mtu wangu, naleta radhi yangu, nasikiliza ile pumzi. Siku zilivyokwenda ikawa fupi zaidi. Mwanawe akawa hasemi tena "isikie, isikie". Anasema tu, "Upesi, Mama mkubwa, anachoka."

Tukamwita fundi wa mjini. Kaja na begi mgongoni, suruali imembana kama soksi, anatafuna kitu. "Shikamoo bibi. Hakuna ishu hapa bibi, hapa ni setingi tu. Dakika sifuri." Nikamwambia marahaba, kaa uioneshe hiyo sifuri. Akakaa. Alitoa nywila akaweka nyingine. Alizima akawasha. Aliondoa ule mlinzi wa virusi, akamrudisha. Akasema bando ndogo, binti yangu akanunua bando kubwa. Akachukua ile nambari ya mshenga akampigia mtoto wa mdogo wangu, wakasomeana moja moja, zote sawa. Yule kule akauliza maswali yake yote kama daktari: waya? upo. Nywila? ipo. Saa ya kompyuta iko sawa? Mie nikawahi kujibu maana hiyo hata mie naijua, nikainama nikatazama ile pembe ya chini, nikasema, "Iko sawa kabisa mwanangu, saa kumi na dakika tano, hata adhana ya alasiri imetoka sasa hivi." Akasema, "Tamam." Wakaendelea na mengine.

Kiduara. "Hapanaaa."

Fundi akafunga begi. Safari hii hakusema dakika sifuri. Alisema, "Bibi, nitarudi. Naenda kuwauliza wenzangu." Akarudi kweli, si mtu mbaya. Akarudi tena.

Sasa siku yenyewe.

Asubuhi nampigia mtoto wa mdogo wangu, simu inaita haipokewi. Napiga tena, haipokewi. Nikasema yuko kazini. Binti yangu siku hiyo hakwenda shuleni, aliomba ruhusa, maana fundi alisema atakuja mapema na ana wazo jipya. Fundi akaja, akakaa pale mezani, binti yangu pembeni yake.

Hawajamaliza kuiwasha, hodi. Kaka yetu. Katoka Muheza, kaja na mfuko wa machungwa, kavaa kanzu. Kaka yetu si mtu wa kuja bila sababu. Ukimwalika maulidi anasema mgongo, ukimwalika arusi anasema mgongo. Nikamwambia, "Leo mgongo umeuacha wapi? Umeuuza na machungwa?"

Hakucheka. Ana pumu, anaongea kwa vituo, hivi: "Dada... nimekuja... kukuona tu."

"Nimeonekana. Kaa."

Akakaa pale mlangoni, kwenye kile kigoda. Kofia kaivua kaishika mkononi, anaizungusha. Nikamwona anaizungusha, nikamwambia, "Hata weye una kiduara." Akauliza, "Dada, kidonge cha presha... umekunywa?"

"Nitakunywa."

"Kunywa sasa."

"Kaka, mie nangoja mtu hapa."

Akatazama ile kompyuta, akatazama chini. Akasema, "Hebu muiache... kwanza. Fundi akanywe chai. Nawe ule kitu." Nikamwambia chai atakunywa nikishamwona mdogo wangu, na wewe ukitaka kumwona sogea huku, toka hapo mlangoni unaziba hewa. Hakusogea.

Haikupita muda, akaingia jirani yangu wa kushoto, yule anayeuza vitumbua. Kajitanda kanga mpaka kichwani. "Shoga, hujambo?" Sauti ya chini, ya msikitini. Akakaa mkekani. Akaja na wa nyuma. Akaja yule mama wa kanisani, mke wa marehemu aliyekuwa nyapara wa mkonge, ambaye huwa haingii ndani, husimama uani tukapiga soga, leo kaingia, kavua viatu, kakaa na wenzake mkekani. Wote wamejitanda. Wote hawanitazami, wananitazama nikigeuka.

Mie nini? Mie nikafurahi. Nikasema habari imezagaa mtaani kwamba leo picha inafunguka. Nikawaambia, "Mmekuja sinema siyo? Hamna hata aliyeleta bisi?" Yule wa vitumbua akaufunika mdomo na kanga, nikadhani anacheka. Nikaendelea, maana mie nikipata watu sijiwezi. Nikawafanyia fundi, "dakika sifuri bibi". Nikawafanyia kompyuta, "hapanaaa". Nikawafanyia mdogo wangu atakavyoniona na wanja wangu, atakavyoshika tumbo. Mama wa kanisani akasimama, akatoka uani. Nikasikia anapenga kamasi. Nikasema huyu naye mafua.

Kaka yangu akasema, "Dada. Kunywa kidonge."

"Kaka, umekuwa nesi?"

Nilikuwa nimeshaandaa mtu wa kumletea siku hiyo. Sikuwaambia wale wanawake. Nilitaka kumletea mama. Mama akimwita kuku jioni, "kuru kuru kuru, njoo weye mwenye kilemba, njoo nawe mjinga." Sikuwa nimemfanya mama tangu amezikwa, ulimi ulikuwa haukubali. Nilijifunza uani kwa siku kadhaa, taratibu, mpaka ikaja yenyewe. Nikasema nikimwona usoni, nikaileta ile, nitajua pumzi ile ni kicheko au nini. Halafu nitasema nimekusamehe, naye atafumba macho.

Fundi wazo lake jipya likakataa. Akajinyoosha, akasema, "Bibi, kwa kweli..." Na hapo adhana ya adhuhuri ilikwisha kutoka zamani kidogo, akatoa simu yake atazame saa, aende akaswali. Akaitazama simu. Akaitazama kompyuta. Akaitazama tena simu.

"Madamu," anamwambia binti yangu, "mbona hii inasoma saa sita na arobaini na tano?"

Mie nikamjibu, "Kwani ni saa ngapi wewe? Si saa saba kasoro robo?"

"Ndiyo bibi, lakini yangu inasoma kumi na mbili na arobaini na tano."

"Basi yako mbovu."

Fundi akaketi tena. Akashika kichwa. "Bibi! Kompyuta yenu inaishi kwa saa za Kiswahili!"

Binti yangu akatoa sauti kama mtu aliyekanyaga mwiba. Ndiye yeye aliyeigeuza. Alinigeuzia mie. Zamani, alipoileta nyumbani, nilikuwa nikikaa nayo nikisikiliza mawaidha, naitazama ile saa ya pembeni, nambari nazijua, naona asubuhi kweupe, saa mbili, yenyewe inaandika nane, mchana inaandika kumi na mbili kana kwamba magharibi imeingia. Nikamwambia hii mashine imelewa. Akanicheka, akanipenda, akairudisha nyuma saa sita nzima, ikawa inasema kama watu wanavyosema. Na akakizima kile kitu cha kuirekebisha saa yenyewe. Halafu sote tukasahau, maana saa ikiwa sawa nani anaikumbuka?

Fundi akatueleza huku anabonyeza haraka. Mshenga wa aina ile ana siri anayoitunga kwa saa. Saa yako na yake lazima zilingane, zikipishana anakuona mwizi, hafungui mlango, wala hakuelezi kwa nini. Siku zote zile tulikuwa tunagonga mlango jioni, yeye anaona tumekuja na saa ya asubuhi.

"Kwa hiyo ni saa tu?" binti yangu anauliza. "Saa tu?" Anauliza tena na tena, mikono ameiweka mdomoni. Nikamwambia, "Mwanangu, nyamaza, imejulikana. Tusilie kwa jambo lililojulikana." Na mie nilikuwa na furaha wallahi. Nilikaa sawa kwenye kiti, nikaitengeneza kanga, nikawaambia wale wa mkekani, "Sogeeni, sogeeni, mtaona mtu." Hakuna aliyesogea.

Kaka yangu akasimama. Kofia imeanguka chini, hakuiokota. Kaja mpaka nyuma ya kiti changu, kaniwekea mkono begani, mkono mzito, nasikia kifua chake kinapiga filimbi. "Dada," anasema. "Dada... ngoja. Zimeni... kwanza. Nina..." Pumu ikamshika. Nikamwambia, "Ukae, kaka, usije ukafa hapa kabla hujamwona mdogo wako."

Kiduara kikaanza. Kikazunguka. Nikajiandaa, nikamvuta mama kooni, kuru kuru. Kiduara kikaondoka, na maandishi hayakuja. Ikaja picha.

Kwanza ilikuwa ukungu, halafu ikatulia. Mtoto wa mdogo wangu. Uso wake wote, mpana, macho mekundu, ndevu hazijachanwa. Nyuma yake kuna kitanda kikubwa cha chuma, godoro limekunjwa, limesimamishwa ukutani. Dirisha liko wazi. Akatutazama sote, mie, binti yangu, kaka yangu nyuma yangu na mkono wake begani mwangu, wanawake mkekani na kanga zao. Alipowaona wale wanawake, akadhani nimeshajua. Akadhani nimempigia kwa ajili ya kumpa pole.

Nikasema, "Mama yako yuko wapi? Nigeuzie nimwone."

Akanitazama. Akamtazama mjomba wake juu ya kichwa changu. Akanitazama tena, akasema:

"Mama mkubwa, kwani mjomba hajakwambia? Tushamzika."